Hofu ya macho ya watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Moshi

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine huulizwa baada ya ibada watu wakishatawanyika, mengine huja kwa ujumbe wa simu usiku wa manane, na karibu yote huanza na "samahani, naona aibu kukuuliza". Mimi si daktari. Nimeishi na hofu hii tangu kidato cha kwanza, nimetibiwa, na sasa hukaa na vijana wenye tatizo kama langu. Palipo pa daktari nimesema ni pa daktari.

## Kuitambua

Hofu ya kijamii ni nini hasa?

Ni hofu kali ya kuwa mahali ambapo watu wanaweza kukutazama na kukupima. Mwenye nayo haogopi watu kama mtu anavyoogopa nyoka. Anaogopa kwamba atasema neno la kijinga, au sauti itamkatika, au jasho litaonekana, na walio mbele yake watamwona si lolote. Basi hula peke yake, hapokei simu mbele ya watu, hachangii kwenye kikao cha kikoba hata kama hesabu iliyosomwa ina kosa na yeye ameliona.

Kiswahili hakijatulia kwenye jina moja. Wengine huiita wasiwasi wa kijamii, wengine woga wa watu. Hospitalini ni ugonjwa unaotambulika: chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza kwenye mwongozo wake mwaka 1980, na Shirika la Afya Duniani nalo linao kwenye orodha yake. Mtaani huitwa aibu, au kuringa.

Nitajuaje kama ni aibu tu?

Mwenye haya husita mlangoni, akishaingia na kupewa soda huzoea, na akitoka hufurahi kwamba alikwenda. Mwenye hofu ya kijamii huanza kuumia wiki nzima kabla ya shughuli, hatulii akiwa pale, na akirudi nyumbani anaendelea kuumia. Daktari ataangalia kama hofu ni kubwa kupita hatari yenyewe, kama unakwepa watu au unavumilia kwa mateso, kama hali imedumu miezi 6 au zaidi, na kama inavuruga masomo, kazi au mahusiano.

Mimi huuliza swali moja tu: imekunyima nini? Ukinijibu "nilikataa cheo kwa sababu ningelazimika kuongoza kikao cha Jumatatu", au "sikwenda kumzika rafiki yangu kwa sababu kungekuwa na watu wengi", hapo tumeshavuka aibu. Hilo la msiba nalisikia mara nyingi kuliko unavyodhani, na wanaolisema hulia.

Mwili unaonyesha nini?

Moyo kwenda mbio, viganja kulowa, mdomo kukauka, uso kuchemka, tumbo kukata, haja ndogo kila dakika, na akili kuwa tupu ghafla. Si kwamba unajifanyisha. Ni mwili unaojiandaa kukimbia hatari wakati hatari yenyewe ni meza ya watu sita wanaokunywa chai. Kama dalili hizi zinakujia hata ukiwa peke yako, soma swali la moyo kwenda mbio, upande wa mwisho.

Ilianza nilipoingia sekondari. Kwa nini pale?

Kwa sababu ya umri. Walio wengi huanza kati ya miaka 8 na 15, na miaka 13 ndiyo katikati. Ni wakati mtoto anapoanza kujitazama kwa macho ya wenzake.

Hapa kwetu umri huohuo una jambo lake jingine. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni Kiingereza. Siku moja mwalimu anakunyooshea chaki: simama. Jibu unalijua. Unalijua kwa Kiswahili. Unasimama, kiti kinagonga dawati la nyuma, darasa zima linageuka, unatafuta neno la kwanza, halipo. Kisha mtu anacheka. Mimi niliketi siku ile na sikunyoosha mkono tena mpaka kidato cha nne.

Sisemi lugha ndiyo iliyoniletea ugonjwa. Wenzangu wengi walichekwa na kufikia saa ya uji walikuwa wameshasahau. Lakini kwa mtoto ambaye tayari ni mwepesi wa kuogopa, kicheko kama kile hakiishi siku ileile. Walimu mnaosoma hapa, nawaomba: mpeni mtoto nafasi ya kujibu kwa mwenzake wa dawati kwanza, ndipo asimame.

Nyumbani naongea mpaka nakaripiwa. Je, najidanganya?

Hapana. Kwa watu unaowaamini hakuna mtihani, kwa hiyo hakuna hofu. Wengi wetu ni wachangamfu sana chumbani na mabubu kwenye ukumbi.

Ni ya kurithi, ni malezi, au nimerogwa?

Hutembea katika familia: ukiwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye nayo, uwezekano wako huwa mkubwa zaidi. Malezi ya kukaripiwa mbele ya wageni, kuonewa shuleni au kudhalilishwa huongeza. Kuhusu kurogwa, sijawahi kuona hofu hii ikiondoka kwa kumtafuta aliyekuroga. Nimeiona ikizidi, maana sasa mtu anaogopa na majirani.

## Kuishi nayo

Watu wanasema naringa. Niwaambie nini?

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote yaliyomo humu. Kwetu salamu ni haki ya mtu. Asiyeamkia wazee huambiwa hana adabu, na lawama humfikia mpaka mama yake. Sasa mtazame mwenye hofu: anamwona mzee kwa mbali, anaanza kuhesabu. Nimwamkie sasa au akikaribia? Asiposikia je? Sauti ikikwama je, na wale vijana wa bodaboda wanatazama? Hesabu inamshinda, anavuka barabara. Mzee ameona mgongo tu. Moyo unaodunda hakuuona.

Kwa hiyo usijaribu kuwaeleza wote. Chagua mtu mmoja mwenye kauli pale nyumbani, shangazi au kaka mkubwa, umwambie hivi: "Sikatai kusalimia. Koo linanibana." Huyo atakusemea pale ambapo wewe hauko. Na kwa salamu yenyewe, itoe mapema, ukiwa bado na hatua kumi, kwa kuinamisha kichwa na "shikamoo" fupi, kisha endelea na safari. Ukiisubiri hadi mkutane uso kwa uso, hofu inapata muda wa kukua.

Na wewe uliye jirani wa mtu kama huyu: mzee akitangulia kusema "hujambo mwanangu" hapungukiwi kitu.

Siwezi kumwambia konda anishushe. Nifanyeje?

Swali hili hunijia kila mara, na kila anayeuliza hudhani yuko peke yake. Nimewahi kupanda daladala la kwenda hospitali ya KCMC nikitaka kushuka njiani, nikapitiliza vituo viwili nikingoja mtu mwingine aseme "shusha", nikarudi kwa mguu juani na dawa za bibi mkononi.

Kinachoponya hofu hii ni kuiendea kidogo kidogo, kwa ngazi. Anza kwa kukaa karibu na mlango na kumwambia konda wakati wa kulipa nauli: "nitashuka kituo kinachofuata". Hapo unaongea na mtu mmoja, si gari zima. Rudia safari hiyo mpaka iwe ya kuchosha. Kisha sema "shusha" pamoja na abiria wengine wanaoshuka. Kisha sema peke yako ukiwa palepale mlangoni. Kisha ukiwa kiti cha nyuma kabisa, ambako lazima upaze sauti.

Ngazi ya juu inawashangaza wengi: kosea kwa makusudi. Sema "shusha", gari likisimama sema "samahani, bado, ni cha mbele". Konda atanung'unika, gari litaondoka, na wewe utakuwa umekutana ana kwa ana na kile ulichokiogopa kwa miaka yote, ukabaki mzima.

Kabla ya kila safari andika kwenye simu unachotegemea kitokee na ukubwa wa hofu, kuanzia 0 hadi 10. Ukifika, andika kilichotokea. Baada ya safari ishirini hivi, soma yote kwa pamoja. Wapo watakaokuambia "uoga wako ndio umaskini wako" na kutaka urukie ngazi ya juu leo hii. Ukirukia na ukaanguka, hofu inapata ushahidi mpya. Panda moja moja.

Nikipewa chai kwenye jumuiya mikono inatetemeka. Nizuieje?

Usizuie, ndiyo siri yake.

Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza kinachoendelea. Mtu mwenye hofu hii akiingia penye watu, macho yake hugeuka ndani. Anaanza kujitazama kama kamera: mkono ukoje, uso ukoje, nimenyamaza muda gani. Anachokiona ndani ni kibaya kuliko kinachoonekana nje, lakini yeye huamini ndicho wanachokiona wote. Kisha huanza kujikinga: anashika kikombe kwa mikono miwili na kukibana, anangoja wengine wakitazama pembeni ndipo anywe, anakaa karibu na mlango, anashika simu kama mwenye shughuli. Kinga hizo ndizo zinazoilisha hofu. Kikombe kikibanwa, misuli hukaza na kutetemeka zaidi. Na siku ikipita salama, husemi "chai ni salama", unasema "niliokolewa na mikono miwili".

Jaribu hivi, wiki mbili. Jumuiya ya kwanza kunywa kama kawaida yako, na kinga zote. Ya pili, shika kikombe kwa mkono mmoja, kwa wepesi, na kazi yako iwe kutazama nje: mama mwenye nyumba amevaa kitenge cha rangi gani, nani ameongeza sukari mara mbili, maandazi yamebaki mangapi. Linganisha siku hizo mbili. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo chai ilimwagika kidogo kwenye sahani. Jirani yangu alinipa kitambaa huku akiendelea kusimulia habari za ng'ombe wake, na hakusita hata katikati ya neno.

Usiku narudia kila nilichosema. Nitalala vipi?

Karibu sote tuna kanda hiyo ya usiku, na huwa imehaririwa: imeacha makosa tu. Usibishane nayo kitandani. Andika sentensi tatu za yaliyotokea kweli, kama askari anavyoandika maelezo, bila "walinidharau" wala "walichoka nami", kwa sababu hayo hukuyaona. Kisha funga daftari.

Nikinywa mbege kidogo naongea vizuri. Kuna ubaya?

Upo. Mbege ina heshima yake: ndizi, ulezi na msesewa, na kata inayozunguka mikononi mwa watu wa ukoo ni jambo jema. Lakini kunywa ili uweze kuongea ni kinga kama zile za kikombe, tena yenye madhara zaidi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano wenye hofu ya kijamii ana tatizo la pombe pia. Kesho yake wasiwasi hurudi umezidi, na wewe huongezi ujasiri, unaongeza kipimo. Ukiona huwezi kwenda kwenye shughuli bila kupitia kilabuni kwanza, mweleze daktari mambo yote mawili.

Desemba ukoo wote unarudi. Nitapitaje?

Mnajua Krismasi ilivyo huku. Kuanzia Marangu mpaka Machame kila boma lina gari mbele, ndafu inachomwa, na shangazi wanauliza kwa sauti utaoa lini.

Andaa jibu moja fupi na ulitumie kwa wote: "Siku ikifika mtakuwa wa kwanza kujua, shangazi. Safari ilikuwaje?" Swali linarudi kwake, na watu hupenda kusimulia safari. Pili, omba kazi. Kugawa vinywaji kunakupa sababu ya kumfikia kila mtu kwa sekunde thelathini. Jikoni ni kimbilio zuri, ila ni maficho pia. Jipangie: saa moja jikoni, nusu saa na watu. Ukizidiwa toka nje, vuta hewa polepole, kisha urudi. Ukiondoka moja kwa moja wakati hofu iko juu, mwakani itaanzia hapohapo juu.

Kujitambulisha kwenye kikao cha harusi au send-off kunafuata njia hiyohiyo ya ngazi (tazama swali la konda). Fanya mazoezi kwa sauti nyumbani, sentensi mbili tu, na usizikariri neno kwa neno.

Mimi ni mwongoza wageni mlimani. Naongea na wageni siku nzima, lakini chakula cha jioni na wenzangu kinanishinda. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Kazi inakupa maneno na nafasi: wewe ndiye unayejua njia. Mezani hakuna maneno yaliyoandaliwa. Wapo wa kinyume chake pia, ambao maongezi ya kawaida hayawasumbui ila kusimama mbele ya hadhara tu. Kwa madaktari hao wana kundi lao.

## Matibabu

Inatibika?

Ndiyo. Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya mazungumzo inayogusa mawazo na matendo kwa pamoja, kwa kawaida vikao 12 hadi 16, mara moja kwa wiki. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2013 unaiweka mbele ya dawa. Yale ya konda na kikombe ni vipande vyake vidogo. Mtaalamu atakusaidia kupanga ngazi zako na atakushika pale unapotaka kukimbia. Mimi sijaacha kusikia moyo ukidunda nikisimama mbele ya watu. Ila nasimama.

Niende wapi? Nikionekana kliniki ya akili si watasema natakiwa Mirembe?

Kwa Moshi, anza hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi, au KCMC, uulizie kliniki ya afya ya akili. Walioko Arusha wana Mount Meru. Ukiwa mbali, kituo cha afya cha karibu kinaweza kukupa rufaa.

Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, na jina lake limegeuzwa tusi bila kosa lake. Mtu mwenye hofu ya kijamii hutibiwa akitokea nyumbani kwake na kurudi siku hiyohiyo. Halazwi, hafungwi, na akili zake ni timamu.

Vipi dawa?

Zipo, na huwasaidia wengi, hasa ambao hofu imewafungia ndani au imekuja na sonona. Zinazotumika zaidi ni za kundi la setralini, paroksetini na esitalopramu. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza, na usiziache ghafla. Kwa vijana walio chini ya miaka 25 daktari hufuatilia kwa karibu mwanzoni, kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka.

Propranololi hutuliza mapigo ya moyo na kutetemeka kabla ya hotuba, lakini ni hatari kwa mwenye pumu. Diazepamu hutuliza haraka na huzoeleka haraka, na kuiacha ni vita nyingine. Naomba usinunue yoyote kati ya hizi kwa ushauri wa muuza duka la dawa.

Nimeombewa mara tatu na hofu ipo. Imani yangu ni ndogo?

Sidhani. Mwenye presha huombewa na humeza vidonge, wala hakuna anayempima imani. Endelea kuomba, na nenda kliniki. Kinachoniumiza ni pale mtu anapovutwa mbele ya kanisa zima ili akemewe roho ya woga. Kwa ugonjwa huu, hiyo ni ngazi ya juu kabisa bila ngazi za chini. Viongozi wa dini, mwombeeni ofisini.

Nimefika mahali naona bora nife.

Mwambie mtu leo, kabla hujaendelea kusoma. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu, saa yoyote, useme maneno hayohayo. Ni dharura kama mguu uliovunjika. Kwa mtoto, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

## Maswali ya pembeni

Mtoto wangu anaongea nyumbani lakini shuleni hatoi hata neno. Ni ukaidi?

Mara nyingi ni hofu iliyofunga mdomo. Kama imepita mwezi tangu aanze shule, na lugha ya shuleni anaielewa, mpeleke akaonwe. Usimhonge wala kumchapa ili aongee. Muulize mwalimu kama unaweza kukaa naye darasani watoto wakishaondoka, mwongee ninyi wawili, kisha mwalimu asogee taratibu, siku baada ya siku.

Siogopi kuchekwa. Naogopa kwamba nanuka na nitawakera wengine.

Hii nayo imo. Japani ina jina lake, taijin kyofusho: hofu ya kuwaudhi watu kwa harufu, macho au uso wako. Mwulize mtu mmoja mkweli, mara moja tu. Akisema hakuna harufu na bado unaoga mara tano kwa siku, mweleze daktari hivyohivyo.

Moyo kwenda mbio kunaweza kuwa kitu kingine?

Ndiyo. Upungufu wa damu na tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi hudundisha moyo na kutetemesha mikono, bila kujali kama watu wapo au hawapo. Vipimo vya damu vitaonyesha. Na kahawa yetu hii ya mlimani, tamu kama ilivyo, ipunguze siku ya kikao.

Naogopa hata kumweleza daktari. Nitaanzaje?

Usianze kwa kuongea. Andika kikaratasi nyumbani, ukiwa umetulia, ukifika mlangoni umpe kabla hujaketi. Wengi wametumia maneno haya, nawe unaruhusiwa kuyanakili:

"Shikamoo daktari. Naona ugumu kuongea, naomba usome kwanza. Nina hofu kali ya kuwa mbele za watu tangu nikiwa na miaka ___. Kwa sababu yake nimeacha ___. Mwili wangu hufanya hivi: ___. Sijawahi kumwambia mtu. Naomba uniulize maswali polepole, na mlango ufungwe."